Pemba ya Kuua Mng'ao

Kumkasirisha mzee Esdras wa kambi ya reli, Kamina, hakukuhitaji matusi. Ilitosha umchukue mmoja wa watu wake wadogo pale kwenye rafu, umwinue juani na kusema, "Loo, anang'aa vizuri!" Mzee angekupokonya yule mtu kabla hujamaliza kumsifu, angempuliza vumbi la vidole vyako, kisha angekutazama toka utosini hadi miguuni.

"Weye, vile unasimama pale, unang'aa?" angekuuliza. "Muntu haiko sahani. Sahani njo inang'aa. Muntu iko mat."

Neno hilo, mat, yaani rangi iliyotulia, isiyorudisha mwanga machoni, alilipata mwaka wa hamsini na saba, alipokuwa karani wa kupeleka mafaili katika ofisi moja ya kambi kubwa ya jeshi nje ya mji. Mle ofisini alikuwako afisa mmoja Mbelgiji ambaye kazi ikiisha alitoa kwenye droo askari wadogo wa kuchezea, wa madini ya risasi, urefu wa kidole cha kati, akawapaka rangi za mafuta kwa brashi yenye nywele za kuhesabika. Wenzake walimcheka. Esdras hakucheka. Alisimama na mafaili yake kwapani mpaka yule mzungu akachoka kumfukuza, akaanza kumfundisha. Uhuru ulipofika, afisa aliwafunga askari wake kwa pamba akaondoka nao, na tyubu za rangi zilizobaki nusunusu akamwachia Esdras.

Askari, hata hivyo, Esdras hakuwataka. Aliowaona kwa macho yake maishani walimtosha na kumzidi. Yeye alitengeneza watu: mama wa Bukama na beseni lake la samaki, mchimba makaa wa Luena, mkuu wa stesheni na bendera yake, pasta aliyependa kupandisha suruali juu ya tumbo kabla ya kuhubiri. Miaka thelathini alifanya kazi ya ukarani stesheni, na malighafi yake aliiokota relini: zile plomb, vipande vya risasi laini vinavyofungia milango ya vagoni za mizigo. Vagoni ikifunguliwa, plomb inatupwa. Esdras alizikusanya, akaziyeyusha katika kopo la sardini na kuzimimina kwenye kalibu aliyoifinyanga kwa udongo wa kichuguu.

Akriliki, zile rangi za kuchanganya na maji, alizipata baadaye. Mwaka wa tisini na moja, wakati wa ule uporaji wa askari nchi nzima, mademoiselle mmoja, bibi mmisionari wa misheni ya Wamethodisti, alipandishwa ndege na sanduku moja tu, na lile la rangi za kuchorea picha za shule ya Jumapili likabaki kwa mzee. Akriliki hukauka upesi, zinafaa nguo na viatu. Mafuta hukauka kwa kujivuta, ndiyo maana yanafaa sura, kwa sababu kivuli cha pua kinapata muda wa kuyeyukia shavuni. Esdras alijifunza kwa hasara kwamba akriliki hukaa chini na mafuta hukaa juu. Siku moja alipogeuza utaratibu, koti la pasta lilibambuka kama ganda la ndizi, na mke wake, Valérie, alicheka wiki nzima.

Mama Salomé alikaa nyumba ya tatu kutoka kwao. Alikuwa mjane, mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa kunyoosha mambo kama alivyonyoosha mistari ubaoni. Mwanawe wa pekee, Béni, alikuwa fundi msaidizi kwenye mashine ya treni. Mwezi wa kumi na moja mwaka wa tisini na nane, vita ikiwa na miezi minne, treni yake ilipakiwa askari ikapelekwa juu, upande wa Kabalo, na haikurudi. Habari nayo haikurudi. Mwezi wa pili mke wa Béni, Mira, alizaa mtoto wa kike, wakamwita Shekina.

Picha ya Béni haikuwako hata moja. Mwaka wa tisini na saba askari waliokuwa wakikimbia walipita wakabeba sanduku la nguo la Salomé, na albamu ilikuwa chini ya nguo. Basi siku moja baada ya ibada Salomé alimfuata Esdras mpaka uani kwake, mjukuu mgongoni.

"Yaya Esdras," alisema, yaani kaka mkubwa, "huyu mutoto atakomaa, ataniuliza baba yake alikuwa namna gani. Nitamuonyesha nini? Mikono yangu? Weye ulimuona Béni tangu alikuwa anatambaa. Unitengenezee yee."

"Béni iko mu safari, mama. Atarudia yee mwenyewe."

"Akirudia, batakuwa babili. Iko mubaya?"

Esdras alicheka, akakubali. Alijua vizuri kwa nini mama huyu anataka kitu cha kushika. Ndugu za marehemu mume wake walikuwa wameanza kunong'ona kwamba kilio kiwekwe, mambo yaishe, Mira aachwe aolewe tena akiwa bado kijana. Salomé aliwajibu kwamba hatamlilia mtu ambaye hakuna aliyemwona akifa, na kwamba atakayeleta mkeka wa kilio kwake atarudi nao kichwani. Hakuna aliyethubutu kuuleta.

Hivyo kila alasiri, shule ikifungwa, Salomé alikuja kukaa kwenye kigoda barazani kwa Esdras na kusahihisha. Alisahihisha kama daftari la mwanafunzi. Masikio yakunjuliwe kidogo, yale ni ya baba yake. Kovu la nyusi liko kushoto, siyo kulia, alijigonga na mlango wa vagoni akiwa na miaka tisa. Kofia asiivae sawasawa, Béni hakuwahi kuvaa kofia sawasawa, hata kanisani aliambiwa. Akitaja jambo kama hilo alicheka, na akicheka alionekana kama Salomé wa zamani, aliyekuwa akiongoza sauti ya kwanza kwenye kwaya. Esdras alipenda kumwona hivyo. Ndege za jeshi zilipita juu ya paa kuelekea kambini, zikitetemesha vikombe vya rangi, na wao wawili walibishana juu ya ukubwa wa nundu ya goti.

Mwezi wa tano Djafari alirudi safarini.

Djafari alikuwa na duka la chumvi, sabuni na vitenge karibu na soko. Ukoo wake ulitoka Maniema zamani za misafara, na biashara ilikuwa katika damu yao. Hata vita haikumzuia kupakia baiskeli na kwenda mahali ambapo wengine waliogopa hata kupataja. Safari hii alikuwa amevuka Kabongo na kuendelea mbele kufuata reli. Aliporudi alimwita Esdras nyuma ya duka, akafunga mlango, akamwekea kiganjani ufunguo mzito wa chuma, ule wa shimo la pembe nne wanaotumia watu wa treni. Kwenye mpini palikwaruzwa herufi B.

"Treni yabo ilipigwa pa kituo kidogo, mbele ya Noeli," alisema Djafari kwa sauti ya chini. "Bantu ba kijiji bakabazika bane, pembeni ya reli. Mwalimu wa kanisa la pale aliweka huu ufunguo, akaniambia yule kijana alikuwa na kovu hapa." Akagusa nyusi ya kushoto. "Nilienda pa kaburi. Nikamuombea, namna yetu shiye Baislamu. Papa Esdras, minyi nikiingia kwa ule mama na hii kitu, nitamuambia nini? Weye iko jirani, weye iko muzee wa kanisa. Umupelekee."

"Nitamupelekea kesho," alisema Esdras.

Kesho yake Salomé alikuja akicheka tangu mlangoni, kwa sababu Shekina alikuwa amecheka kwa sauti mara ya kwanza, na Esdras akajikausha. Kesho kutwa ilikuwa Jumapili. Kisha mitihani ya shule ilikaribia, na nani amvunje moyo mwalimu wakati wa mitihani? Mitihani ilipoisha, Esdras alijiambia kwamba itakuwa vema kwanza amalize sura, ili siku atakapompa habari mbaya ampe na kitu cha kushika. Djafari kila walipokutana alimuuliza kwa macho, na Esdras kila mara alimung'unya maneno.

"Mafuta ya sura haiyakauka," alimwambia siku moja pale dukani.

"Mafuta gani, Papa, inakauka miezi mbili?" Djafari aliuliza. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomchoma mzee zaidi.

Sitamtetea hapa. Alijiambia kwamba anampa mama wa watu siku chache zaidi za kucheka, lakini moyoni alijua kwamba siku hizo alikuwa anajipa mwenyewe. Alikuwa mwoga. Mtu aliyezika wazazi wake, aliyewazika watoto wake wawili, aliyesimama mbele ya askari wenye bunduki akakataa kuwapa funguo za ghala la stesheni, huyo alishindwa kumwambia jirani yake maneno matatu. Ufunguo alikaa nao mfukoni, na kila alipoinama kupaka rangi ulimbonyeza pajani.

Mwezi wa saba, baridi ya asubuhi ikiwa imeshika na vumbi jekundu likipanda kila mahali, Béni alikuwa amekamilika. Ovaroli yake ya buluu ilikuwa na doa la grisi kifuani. Kofia ilikaa upande. Sura ilikuwa sura yake hasa, hata Valérie alipoiona alijifunika mdomo kwa kitenge akaondoka bila utani. Kilichobaki kilikuwa tabaka la mwisho, ile vernisi mat ya kulinda rangi na kuua mng'ao wa mafuta, na chupa yake ilikuwa imekwisha. Mji mzima ulikuwa na aina moja tu ya vernisi, ile ya maseremala wa majeneza, inayong'aa hata unaweza kujinyolea ndevu mbele yake.

Kumpaka Béni ile? Afadhali amwache uchi.

Hapo akakumbuka kwamba yule afisa, vernisi mat ilipomwishia, alichanganya ya kung'aa na poda laini ya watoto. Poda ilitawanyisha mwanga, mng'ao ukafa. Lakini poda ya watoto haikuonekana Kamina tangu treni za kusini zianze kupita kwa bahati. Esdras alizunguka soko lote, na kilichokuwa cheupe, laini na cha kusagika kilikuwa kimoja: pemba, yale madonge ya udongo mweupe yaliyopangwa mbele ya mama mmoja muuza dawa za miti. Mama alimtambua, akashangaa kwa Kiluba.

"Eyo vidye! Papa wa kanisa! Nani kwenu amezaa mapasa?"

"Hakuna mapasa. Iko ya kazi."

"Ya kazi," mama alirudia, akimkonyeza jirani yake wa meza, na wote wawili wakacheka.

Inafaa kueleza kicheko chao. Kwetu Uluba pemba haipakwi hivihivi. Mama akijifungua mapacha akapona, hupakwa pemba mikononi. Mtu akitoka salama kwenye kesi nzito, hupakwa. Msafiri aliyekatiwa tamaa akirudi, au habari yake ikifika kwamba yu hai, wenye habari huja na mikono myeupe, na ukiwaona kwa mbali huna haja ya kuuliza. Lakini Esdras alikuwa Mmethodisti wa shule ya zamani. Miaka arobaini aliizuia pemba isivuke kizingiti chake. Mke wake alipojifungua mapacha, wale waliokufa wakiwa wadogo, mama mkwe alikuja na donge kwenye kitambaa, na Esdras akamrudisha nalo. Kwa hiyo aliponunua madonge matatu siku ile, aliyatazama kama chokaa tu. Aliisahau lugha ambayo yeye mwenyewe alikuwa amekataa kuisema.

Aliyasaga kwa chupa, akayachekecha mara tatu kwa kipande cha chandarua na kitambaa, mpaka yakawa vumbi la kuelea. Jaribio la kwanza alimpaka mchimba makaa wa Luena, akaweka unga mwingi mno, na maskini mchimba akatoka kama aliyeangukia gunia la unga wa muhogo. Jaribio la pili lilikubali. Akashika pumzi, akampaka Béni, toka kofia hadi viatu, kwa brashi pana, mara moja bila kurudia. Akamweka kivulini akae mpaka saa za alasiri.

Vernisi ilipokauka alimtazama na kufurahi, na furaha ile ile ikamtia aibu. Sasa hakubakiwa na kisingizio chochote. Alipiga magoti kando ya meza akamwomba Mungu ampe ulimi, akagusa ufunguo mfukoni, akajiambia kwamba leo, Salomé akifika tu, kabla hajakaa, atamwambia. Kisha akamchukua Béni kiganjani akatoka naye uani, kwa sababu rangi humalizwa ndani lakini huhukumiwa juani. Kunawa hakukumbuka. Mikono yake ilikuwa myeupe mpaka viwikoni.

Mama Salomé alikuwa anakuja kwa njia ya kando ya uzio, Shekina mgongoni, furushi la daftari kichwani. Alimwona mzee amesimama katikati ya uwanja, mwanawe mdogo kiganjani, mikono myeupe pee. Akasimama. Furushi lilianguka, daftari zikatawanyika kwenye vumbi, na yeye ambaye angempiga mwanafunzi kwa kuchafua ukurasa mmoja hakuziangalia.

"Yaya!" alisema. "Yaya, umepaka pemba!"

Esdras alitazama mikono yake. Naapa kwamba ni wakati ule tu ndipo alipoiona.

"Bamesema ku phonie!" Salomé alipiga kelele. "Bamemuona! Béni iko muzima!" Akapiga kigelegele kirefu ambacho kambi ya reli haikuwa imekisikia tangu vita ianze.

Kila mtu alijua kwamba Esdras alikwenda stesheni kila asubuhi kukaa karibu na redio ya phonie na kusikiliza habari za treni. Na kila mtu alijua jinsi alivyoichukia pemba. Basi mzee huyu akitoka na mikono myeupe, utabisha nini? Valérie alitoka jikoni na mwiko mkononi, akaona, akaamini, akapiga kigelegele na yeye. Wanawake wa jirani waliruka uzio. Mmoja alianza wimbo wa kumpokea mtoto, mwingine akaupokea. Salomé aliingia barazani, akakuta bakuli lenye vumbi lililobaki, akazamisha mikono yote miwili. Akajipaka mikono na kifua. Akamgeuza Shekina mbele na kumchora alama nyeupe kwenye paji la uso, na mtoto alicheka kwa sababu bibi yake alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja.

"Mama Béni," Esdras alisema. "Mama Béni, usikilize."

Hakusikika. Walikuwa wanacheza wakimzunguka. Alisimama pale kama nguzo, na jambo alilojifunza wakati ule ni kwamba ukweli alioukwepa kwa miezi miwili ulikuwa mwepesi ukilinganisha na huu wa sasa. Kule uzioni alimwona Djafari, aliyevutwa na kelele kama wengine. Djafari aliona pemba, akaona wanawake wanacheza, akamtazama Esdras, na polepole akavua kofia yake. Salomé ndiye aliyemwita.

"Papa Djafari! Kuya! Kuya tufurahi!"

Djafari aliinamisha macho.

Esdras aliingiza mkono mfukoni, akautoa ufunguo, akauinua. "Munyamaze!" alipaza sauti, ile sauti ya karani wa stesheni ya kuwaondoa watu relini. Wimbo ulikatika. "Mama Béni, hii pemba haina habari. Ni ya rangi. Vernisi mat ilikwisha, nikasaga pemba juu ya kuua kule kung'aa. Ni ile tu. Na huu njo ufunguo wa Béni. Djafari alinileteaka. Béni alikufa, mama. Mbele ya Noeli. Bantu balimuzika muzuri pembeni ya reli, na Djafari alimuombea."

Salomé aliuchukua ufunguo kwa mkono wake mweupe. Alipitisha kidole gumba kwenye ile B, mara moja, mara ya pili. Aliyemwangalia angedhani anasahihisha mwandiko.

"Djafari alirudia mwezi ya tano," alisema.

"Njo vile."

"Tangu mwezi ya tano ninakuya kila siku. Unaniuliza masikio. Unaniuliza kofia. Na weye unajua."

"Nilijua."

"Juu ya nini, Yaya?"

"Niliogopa," alisema Esdras. Hakuwa na lingine, na hakutafuta lingine.

Salomé alikaa chini, palepale kwenye vumbi katikati ya daftari zake. Kilio chake kilianza chini sana, na wanawake waliokuwa wanacheza wakakaa mmoja mmoja kumzunguka wakakipokea. Valérie alimchukua mtoto. Alimfuta paji la uso kwa mate na ncha ya kitenge, na alipomaliza kumfuta alimtazama mume wake kwa namna ambayo hakuwahi kumtazama katika miaka thelathini na minane ya ndoa.

Kilio kiliwekwa. Mkeka ulikuja, na safari hii Salomé hakuurudisha; aliketi juu yake pamoja na Mira. Watu wa kwaya waliimba siku tatu, Djafari alileta magunia mawili ya unga na chumvi, akaketi na wanaume akieleza kituo kiko wapi, kaburi liko upande gani wa reli, mti gani uko karibu, na kila aliyefika alimweleza upya bila kuchoka. Esdras alipasua kuni. Mzee wa kanisa mwenye miaka sitini na mitatu alipasua kuni siku tatu kama kibarua, na hakuna aliyemwambia apumzike. Salomé alipita mbele yake kama anavyopita mtu mbele ya ukuta.

Siku ya nne alasiri, Esdras alikuwa barazani, brashi zimelala kavu, alipoona kivuli mezani. Salomé alikuwa amesimama, nguo nyeusi, Shekina mgongoni.

"Nimefuata mutoto wangu," alisema.

Esdras aliinuka haraka, akamvutia kigoda. Alimshusha Béni kutoka rafuni, akampa kwa mikono miwili kama inavyotakiwa kumpa mtu kitu cha heshima. Salomé alikaa. Alimtazama mwanawe muda mrefu, mbele, nyuma, masikio, kovu, kofia ya upande. Esdras alingoja hukumu kwa hofu kubwa kuliko siku ya mtihani wake wa ukarani.

"Iko yee," alisema Salomé mwishowe. "Lakini iko kama muntu ametoka mu vumbi. Ngozi kavu." Akatikisa kichwa. "Yaya, huyu mutoto hakutoka mu nyumba yangu hata siku moja pashipo mafuta. Siku ya shule, siku ya kanisa, hata ile asubuhi ya treni. Iko muanaume mukubwa, ana bibi, nikamuambia kuya hapa. Akacheka, lakini akainama."

Alifungua fundo la kitenge chake akatoa kikopo. Ndani yalikuwamo mafuta ya kokwa za mchikichi, yale meusi yenye harufu ya moshi wanayopakwa watoto. Alichovya kidole gumba. Akaanza na paji la uso, akashuka mashavuni, akazunguka nyuma ya masikio yote mawili, taratibu, bila kusahau mahali, kama mama aliyefanya kazi hiyo kila asubuhi kwa miaka ishirini na minne.

Esdras alifungua mdomo. Alijua yale mafuta hayakauki kamwe. Alijua yatavuta kila chembe ya vumbi la Kamina, yatapenya chini ya vernisi, na baada ya mwaka mmoja, au miwili Mungu akipenda, ile sura iliyomchukua miezi mitano itaanza kubambuka. Miaka arobaini na miwili ya kupigana na mng'ao, na kazi yake bora kuliko zote ilikuwa inaharibiwa mbele ya macho yake kwa kidole gumba. Akafunga mdomo.

Salomé alikuwa amemwona.

"Ninajua itaharibu," alisema bila kuinua macho. "Rangi ikitoka, nitakuletea, utapaka ingine. Ikitoka tena, utapaka tena. Mpaka huyu Shekina atakomaa. Weye haukuniambia mwezi ya tano, basi njo deni yako."

"Nitapaka, mama," alisema Esdras, na machozi aliyoyazuia siku nne yakamtoka, wala hakuyafuta. "Kila mara utaleta, nitapaka."

Salomé alimgeuza mjukuu wake, akamkalisha pajani. Akamwinua Béni juani ili mtoto amwone baba yake. Mwanga ulishika paji la uso, ukashika ncha ya pua, ukashika ovaroli pale mafuta yalipochuruzika shingoni, na Shekina akanyoosha mkono kuukamata.

"Anang'aa?" Salomé aliuliza.

Mzee Esdras wa kambi ya reli alimtazama mtu wake mdogo.

"Anang'aa, mama," alisema. "Anang'aa muzuri."